Kipande Nilichokitia Chumvi

Mdogo wangu alinivulia kiatu wakati doa lilikuwa limeshapasuka. Alikuja kwangu Mwisenge Jumamosi moja kutoka Butiama, anakofundisha hesabu sekondari, nikamwona anakanyagia vidole tangu anaingia getini. Nikamwambia akae kwenye stuli, anyooshe mguu.

"Dada, mimi siyo mtoto wa kukaguliwa miguu."

"Nyoosha."

Chini ya kisigino cha kushoto palikuwa na doa la upana wa kizibo cha soda. Halikuwa duara. Upande mmoja lilikuwa jeusi kama masizi, upande wa pili lilikuwa la kahawia, na ukingo wake ulikwenda ovyo kama maji yaliyomwagika sakafuni. Katikati palichanika na kutoa majimaji. Nilimuuliza lina muda gani. Akasema tangu mwaka juzi. Lilianza dogo kama funza, akadhani ni mwiba uliobaki ndani tangu enzi tunalima kwetu Kiriba. Mara mbili alijaribu kuutoa kwa wembe, mwiba hakuuona. Akapaka dawa ya fangasi. Mwishowe akaanza kuvaa soksi mbili na kuendelea kufundisha.

Mimi ndiye mkubwa kwetu. Mama alipokufa, na baba akamfuata kabla mwaka haujaisha, nilikuwa kidato cha pili na nyuma yangu walikuwepo watatu. Niliacha shule nikaenda mwaloni, wanakoshusha samaki, kufanya kazi ya kayabo, yaani sangara anayepasuliwa, akatiwa chumvi nyingi na kuanikwa mpaka akakauka kama ubao. Kazi hiyo ndiyo iliyowavalisha sare. Huyu wa pili ndiye aliyefika chuo. Siku alipopata barua ya kuajiriwa aliniletea niisome mimi kwanza, nikaisoma mara tatu, nikamwambia akavae shati safi.

Kwa hiyo nilipoliona lile doa sikungoja Jumatatu ipite. Nilimpeleka hospitali, hapohapo Musoma.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, hana haraka. Alilitazama doa kwa kioo kikubwa, akalipima kwa rula, kisha akamwambia mdogo wangu alale chali, akapapasa kinena chake pande zote mbili kwa muda mrefu. Alipomaliza alikaa.

"Sipendi ukingo wake," alisema. "Sipendi rangi zake. Nataka kipande kidogo cha nyama kipimwe. Inaweza kuwa melanoma. Hiyo ni saratani inayoanzia kwenye chembe zinazotupa rangi ya ngozi."

Mdogo wangu alicheka, kicheko cha darasani. "Daktari, saratani ya ngozi si ya albino na wazungu? Mimi na weusi huu?"

"Unayoisema wewe mara nyingi huletwa na jua. Hii ya kwako haihitaji jua. Kwa watu weusi kama sisi inapenda kujificha. Chini ya wayo, kwenye kiganja, chini ya ukucha. Ndiyo maana watu wanafika wamechelewa. Wewe mwalimu, mara ya mwisho kuangalia wayo wako ilikuwa lini?"

"Nilikuwaga naangalia matope tu."

"Haya."

Alitueleza kwa maneno mepesi. Kama ni yenyewe na bado imekaa pale ilipoanzia, wanakata sehemu pana kuzunguka doa, wanaziba kwa ngozi ya mahali pengine, na mtu anaweza kurudi kazini kwake. Ikitoka hapo, njia yake ya kwanza ni tezi za kinena, pale tunapopata mtoki tukiwa na kidonda mguuni. "Leo sijasikia uvimbe hapo," alisema, akinitazama mimi badala yake. "Kwa hiyo leo ni siku nzuri. Tusiichezee."

Mdogo wangu hakutaka kukatwa. Alisema wenzake shuleni wanasema chuma kikigusa kitu kama hicho kinakiamsha, kinasambaa mwili mzima. Daktari akamwambia ameshakigusa kwa wembe mara mbili bila kuomba ruhusa ya mtu, sasa ampe na yeye zamu yake mara moja. Hapo akacheka kweli, akakubali.

Kipande kilichotoka kilikuwa kidogo kuliko punje ya harage. Walikitia kwenye kichupa chenye dawa inayofanana na maji, wakaandika fomu, wakasema maabara ya kukisoma iko Mwanza. Gari la kupeleka vipimo lingeondoka wiki inayofuata, ila ndugu akitaka kuwahi anaruhusiwa kukipeleka mwenyewe. Nikasema nitakipeleka. Muuguzi alinipa maelekezo mawili: kisimame wima, na nisikifungue.

Niliondoka Ijumaa asubuhi. Basi lilipokaribia Bunda simu ikaita. Baba mdogo alikuwa analia, akaniambia mke wake amefariki alfajiri, kwao Guta. Mama mdogo huyo ndiye aliyekaa na mdogo wetu wa mwisho miaka miwili, nilipokuwa sina pa kumweka. Na kwetu, baba akiwa hayupo, mtoto mkubwa ndiye anayekaa mahali pake msibani. Nisingeweza kupita Bunda na basi, nikatazama dirishani kama sijui. Nilishuka.

Kwa baba mdogo niliuweka mkoba wenye kichupa kwenye chumba cha wageni, nyuma ya kitanda. Nilijipigia hesabu kwamba mazishi ni Jumamosi, maabara haipokei watu mwisho wa wiki, Jumatatu asubuhi nitakuwa Mwanza. Dawa inahifadhi. Hakuna kitakachoharibika.

Ijumaa ileile, wanawake walipokwenda kuchota maji, nilijifungia chumbani nikafungua kichupa.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Sababu niliyonayo ni kwamba nilitaka kukiona. Kilikuwa ni kitu cha mwili wa mtoto niliyemlea, na kila mtu alikuwa ameshakitazama isipokuwa mimi. Kilielea, cheusi upande mmoja. Harufu ya dawa ilinichoma macho. Nikasikia sauti za watu uani, nikakifunga haraka.

Jumamosi mchana, baada ya mazishi, nilirudi chumbani kuchukua kitenge. Mkoba ulikuwa umelala na kitenge kimelowa. Kifuniko kilikaa upande. Dawa yote ilikuwa imemwagika, na kipande kimeng'ang'ania kwenye kioo, kimeanza kukauka.

Namba ya maabara ilikuwa imeandikwa juu ya fomu. Simu yangu ilikuwa na chaji. Ningeweza kupiga, au kuulizia zahanati. Nayaandika haya ili mtu asinitafutie udhuru. Niliona aibu. Nilimwona muuguzi akiuliza si tulikwambia usifungue, na mimi, niliyeishia kidato cha pili, nikitazama sakafu. Nilitaka kulimaliza mwenyewe kama nilivyozoea kumaliza mambo ya nyumba yetu.

Na katika maisha yangu nilikuwa nafahamu njia moja tu ya kuzuia nyama isioze. Nilikwenda jikoni kwa wapishi wa msiba, nikaomba chumvi ya mawe. Mpishi mmoja alinitania kuwa watu wa ziwani hawali mpaka walambe chumvi. Nikachukua konzi, nikaisaga kwa kitako cha chupa, nikakizika kile kipande ndani yake, juu na chini, kama ninavyomfunika sangara. Nilijiambia sangara anatiwa chumvi hapa Mara anafika Kongo akiwa mzima, sembuse kipunje hiki kufika Mwanza.

Jumatatu, kwenye choo cha stendi ya Mwanza, niliikung'uta ile chumvi. Kipande kilikuwa kimesinyaa, kigumu. Nilijaza kichupa maji ya kunywa ya dukani ili kionekane kama kilivyokuwa.

Kwenye dirisha la mapokezi ya maabara alikaa mama mmoja mwenye miwani. Alikipokea, akasoma fomu, akauliza, "Kilikaa kwenye dawa muda wote?"

Nikasema, "Ndiyo."

Aliandika ndiyo.

Jioni mdogo wangu alipiga simu. "Kimefika?"

"Kimefika salama."

"Dada, wewe unafaaga kuwa waziri wa usafirishaji."

Majibu yalichukua wiki tatu. Yalikuwa mistari miwili: sampuli imeharibika, chembe zake hazisomeki, itolewe nyingine. Daktari alitusomea taratibu, akasema hutokea, akasema tukate tena wiki hiyohiyo. Kidonda cha kwanza kilikuwa hakijapona, kwa sababu kisigino hakipati kupumzika, na mdogo wangu alikuwa ameshinda wiki zote hizo akifundisha amesimama kwa mguu mmoja kama korongo. Wanafunzi walikuwa wameshamchora hivyo ubaoni.

Alisimama. "Wamenikata bure," alisema. "Nyama yangu wameipoteza huko Mwanza, sasa wanataka nyingine. Waniambie wamepeleka wapi ile ya kwanza."

"Haikupotea, mwalimu. Iliharibika."

"Nani aliiharibu?"

Daktari alisema hajui. Mimi nilikuwa nimekaa katikati yao, nimeshika viatu vyake mapajani. Nilifungua mdomo. Nikasema, "Tutaongea nyumbani."

Hatukuongea. Alipanda gari akarudi Butiama, na hasira ile akaifanya sababu. Kila nilipompigia kumwambia arudi hospitali alinijibu kwa kuitukana maabara. Hawa watu, alisema, hawawezi kutunza kipunje cha nyama, ndio nikawape mguu? Akapata mzee wa dawa za miti, akawa anaweka majani yaliyotwangwa na kufunga kitambaa. Akaniambia majimaji yamepungua. Nilimwambia vizuri. Nilisema vizuri kwa wiki saba. Nilikuwa naamka, naenda mwaloni, napasua samaki, naweka chumvi, na kila nikiingiza mkono kwenye gunia la chumvi natamani liwe na kitu cha kunikata.

Ningeweza kumwambia kwa neno moja. Hasira yake ingekosa pa kukaa, na udhuru wake ungeisha. Lakini angejua. Wadogo zangu wote watatu walikua wakiamini kwamba dada akishika kitu kimeshikwa. Sikuwa na shamba la kuwaachia wala vyeti. Hicho tu ndicho nilichokuwa nacho, na nilikilinda wiki saba, na mguu wake ndio uliolipa.

Kisha akanipigia kuniambia, kama habari ndogo, kwamba ana mtoki. "Si unajua kidonda cha mguu kinaletaga mtoki. Nimekanda maji ya moto."

Nilikuwa nimesimama kwenye kichanja cha samaki. Nilikaa chini kwenye mchanga.

Siku iliyofuata nilikwenda Butiama. Nilimkuta kwenye nyumba yake ya kupanga, anasahihisha madaftari, mguu umewekwa juu ya ndoo iliyofunikwa. Alikuwa amekonda shingo. Alifurahi kuniona, akataka kuinuka anipikie chai, nikamwambia akae.

"Ile nyama hawakuiharibu wao," nilisema. "Niliiharibu mimi."

Aliendelea kushika kalamu nyekundu. Nilimweleza yote, tangu Guta mpaka dirisha la yule mama mwenye miwani. Sikupunguza. Nilipofika kwenye chumvi aliinua uso.

"Chumvi ya unga au ya mawe?"

"Ya mawe."

"Ulinitengeneza kayabo." Alicheka, mabega yakatikisika, hata mimi nikataka kucheka. Kisha kicheko kikakatika na uso ukabaki wazi. "Wiki saba, dada. Wiki saba nawatukana watu ambao sijawahi kuwaona. Na wewe unasikiliza. Unaniambia vizuri."

"Ndiyo."

"Mtoki ulianza wiki iliyopita tu."

"Najua."

"Hujui. Toka nje."

"Mdogo wangu—"

"Toka nje kwangu!"

Nilitoka. Sikwenda mbali. Niligeuza beseni la kufulia nikalikalia karibu na mlango. Ilikuwa kama saa tano asubuhi. Mama mwenye nyumba alipita akaniuliza mbona nimekaa juani, nikamwambia napunga upepo, akaniangalia akaenda zake. Ndani nilisikia daftari likitupwa, kisha kitu kama mtu anayekohoa, lakini hakuwa anakohoa. Sikuwa na mpango wowote. Nilijua tu kwamba nikiondoka hataenda hospitali, na akienda nitakuwa sipo.

Saa tisa alifungua mlango. Macho yalikuwa mekundu.

"Bado upo?"

"Nipo."

"Si uingie basi, watu watasema nimekufukuza."

"Umenifukuza."

"Nimekufukuza, ndiyo. Ingia." Alinipisha. Nilipokwisha kukaa alisema, akiangalia ukuta, "Kesho tunaenda. Wakikata tena, chupa naibeba mwenyewe. Wewe usiiguse hata kifuniko."

Ilikuwa melanoma. Safari hii kipande, alichokibeba mwenyewe, kilisomeka bila shida. Tezi za kinena nazo zilikuwa nayo. Daktari wa upasuaji wa Mwanza alituchorea kwenye karatasi. Kukata kisigino peke yake sasa kusingetosha, maana ilikuwa imezama mpaka karibu na mfupa. Wangekata mguu chini ya goti na kutoa zile tezi. Mdogo wangu aliuliza maswali kama anayetunga mtihani. Tiba ya mionzi je? Dawa za dripu? Daktari akasema ugonjwa huu hauitikii sana mionzi wala dripu za kawaida. Zipo dawa za siku hizi zinazoamsha kinga ya mwili iusake ugonjwa wenyewe, na kwa baadhi ya watu zimefanya kazi kubwa, ila pale hawakuwa nazo, na hakutaka kutudanganya kwamba ni rahisi kuzipata. Angeandika maombi. Tusikae tukingoja maombi ndipo tukate.

Mdogo wangu alitia sahihi mwenyewe. Mwandiko wake ulikuwa mzuri uleule.

Siku ya tatu baada ya kukatwa aliamka akiniambia nimkune kidole kikubwa cha mguu ambao haupo. Nilikuna shuka. Akasema, "Kushoto kidogo," nikakuna kushoto. Muuguzi mmoja wa wodi ndiye aliyetufundisha kwamba maumivu yale ni ya kweli na yana dawa yake, asivumilie kwa sababu ya uanaume. Aliniita na mimi pembeni akaniuliza nalala saa ngapi. Sikuelewa swali. Akaniambia wagonjwa wana mahali pa kukutana kila Jumatano, na ndugu wanaowauguza wanaruhusiwa pia. Nilikwenda mara ya kwanza kwa sababu kulikuwa na viti vyenye mgongo.

Humo nilimkuta mkulima wa pamba wa upande wa Bunda, amekatwa kidole gumba cha mkono. Kwake ilianzia chini ya ukucha, mstari mweusi, akadhani alijigonga na nyundo. Alisubiri miezi ukucha uote upya. Alipomaliza kusimulia alisema, "Haya, nani mwingine alikuwa mjinga?" Watu wakacheka. Zamu yangu ilipofika nilisema nimemsindikiza mdogo wangu, nikakaa. Jumatano iliyofuata nilisema habari ya chumvi. Hakuna aliyecheka. Yule mkulima aliniuliza kama mdogo wangu anajua. Nikasema anajua. Akatikisa kichwa, akamwambia jirani yake asogeze kiti ili nipate nafasi ya miguu.

Tumerudi Mwanza kwa vipimo mara nne tangu hapo. Mara ya mwisho picha ya kifua ilionyesha kivuli kidogo kwenye pafu la kulia. Daktari alisema kinaweza kuwa kovu la nimonia ya zamani, kinaweza kuwa ugonjwa, na kwamba watapiga tena picha baada ya wiki sita waone kama kimekua. Mdogo wangu aliegemeza magongo ukutani.

"Nikuulize kitu mbele ya dada yangu," alisema. "Zile wiki. Wiki tatu za majibu na saba za ujinga wangu. Ningekuwa na mguu?"

Daktari aliiweka picha mezani. Nilimwona anachagua maneno, nikatamani asichague, aseme lolote linalokuja.

"Sijui," alisema. "Inawezekana ilikuwa imeshatembea siku ya kwanza, kidogo mno kwa vidole kusikia. Inawezekana ilitembea wiki ya tano. Hakuna kipimo cha kutuambia sasa. Mtu akikwambia anajua, anakudanganya."

Tulitoka. Kwenye korido mdogo wangu alisimama kupumzisha kwapa.

"Umesikia? Hajui."

"Nimesikia."

"Basi mimi nimechukua ile ya kwanza. Ilikuwa imeshatembea. Nimeamua hivyo, sitaki kuulizwa tena." Alipanga magongo yake. "Na wewe chukua hiyohiyo."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu yule daktari wa Musoma alipapasa siku ile, hakusikia kitu. Nilikuwepo."

Alinitazama kwa hasira ya kweli, ile ya Butiama, na nikaona amechoka kuibeba. "Wewe mwanamke mgumu wewe," alisema. "Basi kaa na yako. Ila hiyo picha ya wiki sita tunakuja wote, na hutalia humu ndani, unanitia aibu mbele ya wauguzi."

Zimebaki wiki mbili. Anafundisha amekaa. Mimi usiku nahesabu pumzi zake akiwa kwangu, na akiwa Butiama nahesabu siku. Sijalia. Nimeshamwambia siwezi kuahidi ya siku yenyewe.